Ngisi Ndani ya Kabichi

Harufu ndiyo iliyomwambia kwanza. Eunsol alikuwa amepiga magoti mbele ya friji la mchumba wake, mfuko wa vyakula aliotoka nao kwao Jeonju ukiwa wazi pembeni, akitafuta pa kupanga makopo ya mama yake. Makopo ya mama yake yalikuwa ya mraba, yenye vifuniko vyekundu, na kila kifuniko kilibandikwa karatasi yenye jina la duka lao la vitoweo kule sokoni. Hili aliloliona nyuma ya maziwa lilikuwa la mviringo, la kifuniko cha kijani, na halikuwa na jina.

Akalitoa, akalifungua.

Ilikuwa kimchi, kabichi ya kuchachusha kwa pilipili, lakini siyo ya kwao.

Mtu mwingine angefunika akaendelea na shughuli zake. Lakini Eunsol alikulia nyuma ya duka, alijifunza kutembea akijishikiza kwenye ndoo za kabichi iliyolowekwa chumvi. Kimchi ya kwao ni nyekundu ya kukolea, nzito kwa mchuzi wa dagaa, ukiila inakufuata mpaka kesho. Hii ilikuwa nyepesi, yenye maji mengi, rangi ya shavu la mtoto. Akachomoa jani kwa vidole, akaliweka mdomoni. Katikati ya jani jino likakutana na kitu laini chenye kuvutika. Ngisi. Ngisi mbichi, amekatwa vipande vyembamba kama uzi, amefichwa kwenye kabichi jani kwa jani.

Hiyo siyo ya kununua. Hakuna duka linalohangaika hivyo. Hiyo hutengenezwa na mtu aliyekaa chini, akakunja mikono ya shati, akiwa na mlaji wake kichwani.

Na ilikuwa tamu. Ingekuwa mbaya angecheka.

Kopo lilikuwa limebaki robo. Pembeni yake, kopo la kifuniko chekundu alilomtumia mwezi uliopita lilikuwa halijaguswa, kifuniko kimevimba kwa gesi kama shavu la mtu mwenye jino bovu.

Simu ikalia. Mama.

"Umefika?"

"Nimefika, Mama. Taesok hajarudi kutoka shuleni bado."

"Kwani leo si wako kwenye mitihani? Watoto wakitoka saa sita, walimu wanabaki kufanya nini?"

"Kusahihisha, Mama." Akalitazama tena kopo. "Mama, nani anatia ngisi kwenye kimchi?"

"Watu wa huko pwani ya mashariki. Kwani nani kakupa?"

"Hakuna."

"Hakuna hawezi kutia ngisi. Eunsol, nani kakupa?"

"Nimeuliza tu."

Upande wa pili kisu kikaacha kukatakata. "Mimi nilisema tangu Machi," mama yake akaanza kwa sauti ya chini, na sauti yake ya chini ndiyo iliyokuwa ya kuogopwa. "Nilisema, mwanamume anayejua kuchemsha tambi tu ukimpeleka mji wa watu, atapata wa kumpikia. Ukasema, Mama, ni mwaka mmoja tu. Haya. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kujiandikisha. Msimamie mpaka abonyeze. Asipobonyeza, rudi na basi la jioni, tutajua la kumwambia mwenye ukumbi."

"Nimekusikia, Mama."

Na yote yalikuwa kweli. Taesok alifeli mtihani wa ualimu mara tatu katika mkoa wao. Mara ya nne akaomba mkoa huu wa nyuma ya milima, wenye mji wa Gangneung, ambako nafasi zilikuwa nyingi zaidi, akafaulu. Anayefaulu mkoa mmoja hafundishi mwingine. Akitaka kurudi kwao, afanye mtihani upya kama mwanafunzi. Wakakubaliana hivyo wote: afundishe mwaka mmoja, afanye mtihani wa mkoa wa kwao Novemba, arudi, waoane Aprili. Wazazi walikwisha kukutana mezani, ukumbi ulikwisha kuwekwa. Kujiandikisha mtandaoni kunafungwa leo Ijumaa saa kumi na moja jioni.

Sasa ilikuwa saa tisa na dakika kumi.

Mlango ukafunguka. Taesok akaingia na begi la karatasi za mitihani, tai imelegea, akaona viatu vya Eunsol mlangoni, akatabasamu uso mzima. Eunsol alilichukia lile tabasamu kwa namna lilivyomfanya atake kulijibu.

"Mbona hukusema unakuja?"

"Ningesema ungeficha."

"Ningeficha nini?"

Akainua kopo. Taesok akacheka, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake la kwanza.

"Hiyo? Hiyo kimchi tu."

"Kimchi naijua, Taesok. Nauliza ya nani."

"Ya Mwalimu Ham, anafundisha muziki. Mama yake huwa anatengeneza, wanawagawia walimu."

"Walimu wote?"

"Wale walio mbali na kwao."

"Ni wangapi?"

Taesok akajikuna shingo. "Mwaka huu ni mimi."

Eunsol akaliweka kopo mezani taratibu sana, kama mtu anayeweka yai. "Kwa hiyo ni mama yake anayetengeneza."

"Wanasaidiana."

"Wanasaidiana. Na wewe unasaidia?"

"Nilibeba ndoo tu. Mara moja."

"Ulibeba ndoo." Akavuta kiti, akaketi. "Nyumbani kwetu mwaka jana mama alikuwa na kabichi mia mbili uani, ukasema mgongo unakuuma."

"Mgongo uliniuma kweli."

"Hewa ya huku imeuponya. Na hili ni kopo la ngapi?"

"La tatu. Au la nne."

"Mengine yako wapi?"

"Nimerudisha."

"Matupu?"

Swali lilitoka kabla hajalipima, na lilipokwisha kutoka wote wawili walijua limefika pabaya. Kwa sababu hakuna mtu aliyelelewa vizuri, awe wa Jeonju au wa Gangneung, anayerudisha kopo la jirani likiwa tupu. Unatia chochote: matunda, maandazi ya mchele, hata mayai mawili. Na Taesok hapiki. Jikoni kwake mlikuwa na sufuria moja na yai moja.

"Ulitia nini, Taesok?"

"Nilikuwa sina kitu."

"Nimeuliza ulitia nini."

Akatazama sakafu. "Yale majani."

Majani ya ufuta mwitu aliyomtumia. Eunsol aliyaona tena yalivyokuwa juu ya meza ya duka: majani mia na zaidi, kila moja limefutwa kwa kitambaa, limepakwa mchuzi wa soya na kitunguu saumu kwa mgongo wa kijiko, limelazwa juu ya mwenzake mkia kwa mkia. Vidole vilimnuka siku tatu. Kila jani alilolilaza alikuwa akiuona mdomo wa Taesok ukilipokea na wali.

"Nilipanga yale majani moja moja," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa utulivu, "nikifikiri nakulisha wewe. Kumbe miezi yote namlisha Mwalimu Ham wa muziki."

"Alisema ni matamu sana."

Hilo lilikuwa kosa la pili.

Eunsol akasimama. Akahamisha ile kimchi iliyobaki kwenye bakuli, akaosha kopo, akalifuta ndani na nje. Kisha akafungua mfuko wake, akatoa kaa waliolowekwa kwenye soya, kitoweo ambacho mama yake hampi hata mteja wa miaka kumi bila kulalamika, akawapanga mmoja mmoja, matumbo juu, mpaka kopo likajaa. Akafunga kifuniko cha kijani kikalia tik.

"Anakaa wapi?"

"Eunsol, acha."

"Naulizia njia. Siombi ruhusa."

Njiani hawakusemezana. Mpersimoni wa nyumba ya jirani ulikuwa umeshaanza kuiva, matunda yake ya rangi ya chungwa yakining'inia juu ya ukuta, na Taesok akainama kupita chini ya tawi bila kulitazama, kwa kuzoea. Eunsol aliliona hilo. Aliona pia mwanamke wa duka la dawa akimwinamia salamu, "Mwalimu Geum, umekula?" na Taesok akamjibu kwa lafudhi ambayo kule kwao hajawahi kuitumia, maneno yakiburuzwa mwishoni kama ya watu wa hapo. Kila kitu alichokiona kilikuwa mwiba, akauhifadhi.

Mama yake Mwalimu Ham alikuwa na mgahawa wa supu ya tofu, ile jibini ya maharage ya soya, mitaa miwili kutoka hapo. Taesok alipofika mlangoni aliunyanyua mlango kidogo kwanza, ndipo akausukuma. Ulikuwa mlango wenye kukwama, na mkono wake ulijua.

Mara ngapi mtu hufungua mlango mpaka mkono ukajua?

Ndani hapakuwa na mteja. Mwanamke kijana aliyevaa aproni alikuwa akifuta meza, miwani yake imeingia ukungu wa mvuke. Eunsol njia nzima alikuwa amemwombea ubaya wa sura. Dua haikupokelewa. Alikuwa mfupi, shingo yake nzuri, na alipovua miwani kuifuta macho yake yalikuwa ya mtu anayecheka kwa urahisi.

"Mwalimu Ham," Eunsol akasema, akamkabidhi kopo kwa mikono miwili, maana hasira ni hasira na adabu ni adabu. "Nimekurudishia kopo lako. Ahsante kwa kumtunza mtu wangu."

Boyeong, ndilo jina lake, akalipokea kwa mikono miwili vilevile. "Wewe ndiye dada Eunsol."

"Umenijuaje?"

"Kwa majani." Akainua kifuniko, akaona kaa, akavuta pumzi. "Mama yangu aliyaonja yale majani akasema aliyeyapanga ana mkono wa kukaa na mtu miaka hamsini. Akauliza ni nani. Nikamwambia, mchumba wa Mwalimu Geum. Mama wa watu siku ile hakusema neno lingine. Alikuwa na mipango yake."

"Mipango yake, au yenu?"

Taesok akakohoa. Hakuna aliyemtazama.

Boyeong akavaa miwani yake. "Yetu," alisema. "Sitakudanganya, dada. Mwezi wa nne. Kapera, mwalimu, anakula kila alichopewa na kusema ahsante. Kopo la kwanza lilikwenda na nia. Likarudi na majani yako, naye akasema kwa mdomo wake ni ya nani. Ile nia tukaila na wali, ikaisha."

"Lakini kimchi haikuisha."

"Sasa mtu akikuletea majani kama yale, wewe utamrudishia kopo tupu?"

Kicheko kilimjia Eunsol kwa nguvu hata akalazimika kutazama ukutani. Miezi yote hii, kumbe walikuwa wanawake wawili wakijibizana kwa makopo, kila mmoja akikataa kushindwa, na Taesok katikati amekuwa tarishi, ananenepa.

"Kaa wa leo mtawajibu kwa nini?" akauliza.

"Tutauza mgahawa."

Wakacheka wote wawili. Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini Boyeong alikuwa mtu mwema, na mtu mwema akishapoa moyo husema yote.

"Na afadhali tumejuana mapema, dada, maana mwakani tutaonana sana. Watoto walivyofurahi juzi mkuu wa shule alipotangaza. Walipiga kelele mpaka nikasikia kwenye chumba changu cha muziki."

"Alitangaza nini?"

Boyeong akamtazama Taesok. Taesok alikuwa amefumba macho.

"Kwamba Mwalimu Geum amekubali kubaki na kupanda na darasa lake," Boyeong akasema, polepole sasa, neno moja moja, kama mtu anayerudi nyuma gizani. "Mpaka kidato cha tatu. Nilidhani unajua."

Nje, ng'ambo ya barabara, palikuwa na benchi mbele ya ukuta wa shule. Eunsol akaketi upande mmoja, akaweka mkoba katikati, Taesok akaketi upande wa pili. Saa kumi na dakika thelathini na tano.

"Ulikubali lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu ulinipigia simu, tukaongea nusu saa nzima kuhusu maua ya ukumbini."

"Ndiyo."

"Rangi ulichagua wewe."

"Ndiyo, Eunsol."

"Simu yako iko mfukoni. Dakika ishirini na tano zinatosha kujiandikisha, hata kwa mtu mvivu. Bonyeza, halafu kesho ukamwambie mkuu umebadili nia."

Taesok akaitoa simu. Akaishika kwa mikono miwili, katikati ya magoti. Hakuifungua.

"Sitaki," alisema.

Lilikuwa neno dogo, na lilitoka kwa shida. Mwaka mzima alikuwa akisema "tutaona", "nitasoma wikiendi", "usijali". Hili hakuwahi kulisema.

"Kule kwetu," akaendelea bila kumtazama, "mimi ni mtoto wa pili wa mzee Geum, yule aliyefeli mara tatu. Hata mama yako akiniwekea chakula huwa ananionea huruma kwanza. Huku hakuna aliyeniona nikifeli. Asubuhi nikipita varandani wananiita Mwalimu kabla sijafika mlangoni. Najisikia mtu. Nilifungua vitabu vya mtihani mara mbili, Eunsol. Mara zote mbili nikavifunga nikaenda kusahihisha madaftari, na nikafurahi. Nikajiogopa."

"Ukaniogopa mimi."

"Nikakuogopa wewe zaidi."

Eunsol alitazama mikono yake. "Ningekuta nguo ya mwanamke kabatini mwako, ningejua la kufanya. Ningelia, ningekuparura uso, ningevunja hiyo sufuria yako moja. Nilikuja nimejiandaa kwa hilo. Sasa nigombane na nani? Na watoto ishirini na sita? Nimparure nani, mji?"

"Uje huku. Nilikuwa natafuta namna ya kukuuliza."

"Hukutafuta. Ulijibu kabla ya kuuliza. Umewaambia mkuu, walimu, watoto, na mama mwenye tofu anajua. Mji mzima umeulizwa nitakaa wapi nikiolewa, isipokuwa mimi."

Simu ikazima mwanga wake kwenye viganja vya Taesok, naye akauacha uzime. Kengele ya shule ililia saa kumi na moja kamili ingawa watoto walikwisha kwenda majumbani, ikalia bure mpaka ikajinyamazia. Eunsol akachukua mkoba wake.

"Usinisindikize."

Basi la Jeonju lilikuwa linaondoka kumi na mbili kasoro robo. Alipata kiti cha dirishani, akaweka mkoba kiti cha pembeni, akabana meno ili asilie mbele ya watu wenye mikoba ya samaki wakavu. Alikuwa akipanga maneno ya kumwambia mwenye ukumbi. Alikuwa amefika kwenye "samahani" ya pili, ndipo mtu akasimama kwenye njia ya katikati akihema, tai ikiwa bado shingoni, mikono mitupu.

"Ondoa mkoba," Taesok akasema.

"Viti viko tele nyuma."

"Nimeviona."

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mama yako."

"Kumwambia nini?"

"Kwamba sirudi. Na kwamba namwomba mwanawe hata hivyo. Nitasema mwenyewe, usinisaidie."

"Atakutupia ndoo ya kabichi."

"Hizo najua kubeba."

Eunsol hakucheka, lakini ilimgharimu. Dereva akawasha injini. Eunsol akauvuta mkoba taratibu, akaupakata, na Taesok akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Mimi sijasema nakuja huku," Eunsol akamwambia.

"Najua."

"Na nikikataa? Nikikataa mbele ya mama, kesho asubuhi?"

Basi lilitoka kituoni, likapita mbele ya soko, likakata kona, na Taesok bado alikuwa akitafuta jibu. Eunsol aliliona jibu la uongo likimpitia usoni, zuri, lenye sukari, akaliona likienda zake.

"Jumapili nitarudi," alisema. "Jumatatu nina kipindi cha kwanza."

Likamchoma. Lilimchoma kuliko ngisi, kuliko majani, kuliko mlango uliojulikana na mkono. Wivu wake ulikuwa umehangaika mchana kutwa kama kuku asiye na kiota, na sasa umepata pa kutulia: kuna kitu duniani ambacho mwanamume huyu hatakiacha, hata kwa ajili yake. Lakini huyu aliyesema hivyo hakuwa yule mtoto wa pili wa mzee Geum, mwenye kuinamisha kichwa na kusema tutaona. Huyu alikuwa akimtazama machoni. Moyo wa Eunsol, bila kumuuliza, ukampenda upya, na hilo likamuudhi kupita yote.

"Sikiliza," alisema. "Mama hatakuuliza kama unanipenda, hayo hayamhusu. Atakuuliza binti yake aliyekulia dukani atafanya nini huku siku nzima, wewe ukiwa na hao watoto wako. Duka langu litakuwa mtaa gani, nani atanunua kimchi nzito ya kwetu katika mji wa watu wa ngisi, na mimi nitamlilia nani nikikukasirikia. Una saa nne na nusu. Uwe na jibu tukifika, siyo tabasamu."

"Na wewe?"

"Mimi nalala."

Akageukia dirisha, akafumba macho. Hakulala hata kidogo. Basi lilianza kupanda mlima, na kila alipofungua jicho moja kwa siri alimkuta Taesok ameinama, amegeuza nyuma karatasi ya mtihani aliyoikuta mfukoni, anaandika, anakata, anaandika tena.